Kuboresha upozaji na kumbukumbu ya kompyuta ya mezani ya zamani

Kuboresha upozaji na kumbukumbu ya kompyuta ya mezani ni kazi ya kusafisha au kubadilisha vifaa vinavyoondoa joto ndani ya kompyuta na kuongeza kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, ili mashine iliyotumika miaka mingi iendelee kufaa. Katika Tanzania kazi hii hufanyika sana kwenye shule za sekondari, maduka ya uchapaji na ofisi za vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS), ambako kompyuta nyingi zilinunuliwa zikiwa tayari zimetumika nje ya nchi.

Makala hii inaeleza kazi hiyo kwa kuangalia hasa wilaya za Mbinga na Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na makao makuu yake ni Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Anayeishi huko na akanunua kipande cha RAM kisichoingia kwenye kompyuta yake hulazimika kukirudisha Mbinga, Songea au hata Dar es Salaam, na mara nyingi nauli huzidi bei ya kipande chenyewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kompyuta inaumwa nini, kabla ya kutoa fedha.

Joto au kumbukumbu?

Kompyuta inayopata joto kupita kiasi na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo hulalamikiwa kwa neno moja: "nzito". Mtumiaji akisema hivyo, mara nyingi hushauriwa kuongeza RAM. Ushauri huo ni sahihi wakati mwingine tu. Prosesa nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 2000 hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia kiwango cha juu cha joto, ambacho kwa prosesa nyingi za Intel za kompyuta za mezani ni karibu sentigredi 100. Joto likizidi hapo, mashine hujizima. Mashine ya namna hiyo ikiongezewa RAM haibadiliki hata kidogo.

Tofauti huonekana kwa kuichunguza siku moja au mbili. Kompyuta yenye tatizo la joto huwa nyepesi asubuhi inapowashwa, kisha huanza kuzorota baada ya nusu saa au saa moja. Feni huvuma kwa nguvu, na hali huwa mbaya zaidi saa nane mchana kuliko saa mbili asubuhi. Ikijizima na kuwashwa papo hapo, hujizima tena upesi zaidi. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo haijali saa. Huwa nzito mara tu programu nyingi zinapofunguliwa, taa ya diski humweka bila kupumzika, na hali hutulia mtumiaji akifunga baadhi ya madirisha.

Mfano wa mwalimu anayesahihisha madaftari unasaidia hapa. RAM ni meza yake, na diski ni kabati lililo upande wa pili wa chumba. Meza ikitosha madaftari kumi tu na darasa lina wanafunzi arobaini, mwalimu atashinda akitembea kati ya meza na kabati. Kuongeza RAM ni kumpa meza kubwa. Lakini kama mwalimu mwenyewe ameishiwa nguvu kwa joto la chumba, meza kubwa haimsaidii.

Katika Windows, kubonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha kiasi cha kumbukumbu kinachotumika. Kikiwa asilimia 90 au zaidi wakati wa kazi ya kawaida, RAM ni ndogo kweli. Joto la prosesa huonekana kwenye ukurasa wa BIOS wa kompyuta nyingi, au kwa programu za bure kama HWMonitor na Core Temp. Ipo pia sababu ya tatu ambayo husahaulika: diski ya zamani. Kompyuta iliyo nzito tangu kuwashwa, kabla ya kufunguliwa programu yoyote, mara nyingi inahitaji diski ya aina ya SSD kabla ya kitu kingine.

Nyanda za juu na ufukwe

Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, wakati vijiji vingi vya Umatengo viko juu ya mita 1,300. Kwa kawaida halijoto ya hewa hupungua kama sentigredi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Jambo hili lina maana ya moja kwa moja kwa kompyuta, kwa sababu feni haitengenezi baridi. Inachofanya ni kusukuma hewa ya chumba ipite kwenye kipozajoto, kwa hiyo prosesa haiwezi kamwe kuwa baridi kuliko chumba chenyewe. Chumba kikiongezeka sentigredi 5, prosesa nayo huongezeka takriban hizo hizo 5. Kompyuta inayofanya kazi vizuri Mbinga mjini mwezi Julai inaweza kujizima Liuli au Lituhi mwezi Novemba bila kuharibika chochote.

Hewa ya milimani nayo ina upungufu wake. Ni nyepesi zaidi, kwa karibu asilimia 8 ukilinganisha na ile ya ufukweni, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba joto kidogo pungufu. Hata hivyo, baridi ya Umatengo hufidia upungufu huo na kuuzidi.

Vinavyoziba njia ya hewa pia hutofautiana. Juu milimani adui mkubwa ni vumbi jekundu la kiangazi, na karibu na mashine za kukoboa kahawa huongezeka unga wa maganda. Ufukweni kuna wadudu wadogo wa ziwani wanaojulikana kama kungu, ambao hupaa kwa wingi kama moshi na kusukumwa na upepo hadi nchi kavu. Wadudu hawa hufuata mwanga wa taa usiku, na feni ya kompyuta iliyoachwa ikifanya kazi karibu na dirisha huwavuta ndani, ambako hukaukia kati ya mapezi ya kipozajoto. Kwa upande mwingine ufukwe huu una nafuu ambayo Mtwara au Dar es Salaam haina: maji ya Ziwa Nyasa ni matamu, kwa hiyo hewa yake haina chumvi inayokula miguu ya vifaa. Mende na mijusi wanaotaga ndani ya kasha la kompyuta hupatikana kote kuwili.

Kupoza

Joto la prosesa hupita njia moja: kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye pesti ya joto, kisha kwenye kipozajoto (kipande cha alumini au shaba chenye mapezi mengi), kisha kwenye hewa, kisha nje ya kasha. Prosesa za zamani zilitoa joto jingi sana. Baadhi ya Pentium 4 zilifikia wati 115, wakati Core 2 Duo nyingi zilizofuata zilitoa wati 65. Njia hiyo ikizibwa popote, joto hurundikana.

Kabla ya kufungua kasha, waya wa umeme huchomolewa na kitufe cha kuwashia hubonyezwa kwa sekunde kadhaa ili kumaliza chaji iliyobaki. Fundi hugusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Usafishaji hufanywa nje ya chumba kwa brashi laini na bloa, huku mabawa ya feni yakizuiwa kwa kidole au kijiti. Feni ikiachwa izungushwe na bloa kwa kasi kubwa, beva zake huharibika na yenyewe inaweza kuzalisha umeme unaorudi kwenye bodi mama. Pawa saplai hupulizwa kupitia matundu yake tu. Haifai kufunguliwa na asiye fundi wa umeme, kwa kuwa kapasita zake hubaki na umeme hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Usafishaji huu peke yake, ambao gharama yake ni ndogo sana, mara nyingi hushusha joto kuliko kifaa chochote kipya. Kwa hiyo si busara kununua feni kabla ya kusafisha iliyopo.

Pesti ya joto ni suala la pili. Baada ya miaka hukauka ikawa kama chokaa na kuacha nafasi za hewa. Huondolewa kwa kitambaa kilicholowa spiriti, na pesti mpya huwekwa katikati ya prosesa kwa kiasi cha punje ya njegere; kipozajoto chenyewe huitandaza kinapobanwa. Pesti nyingi haipozi zaidi. Hapa na pale dawa ya meno hutumiwa badala yake. Huonekana kufanya kazi siku za mwanzo kwa sababu ina maji, kisha hukauka na hali kuwa mbaya kuliko awali.

Feni inayopiga kelele huashiria beva iliyoisha mafuta. Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya kibandiko cha katikati linaweza kuirudishia uhai kwa miezi kadhaa. Mafuta ya kula hayafai, huganda na kukusanya vumbi. Ikibidi kubadilisha, vitu vitatu hulinganishwa: upana (milimita 80, 92 na 120 ndizo za kawaida), volti 12, na plagi. Plagi nyingi zina matundu 3 au 4, na ile ya 3 huweza kuchomekwa kwenye nafasi ya 4. Lakini baadhi ya kompyuta za ofisini, zikiwemo Dell OptiPlex za miaka ya 2000, zina plagi ya matundu 5 isiyolingana na feni za kawaida. Wenye mashine hizo wafungue kwanza na kutazama kabla ya kuagiza. Feni ya mbele ya kasha huingiza hewa na ya nyuma huitoa; zikielekezwa zote ndani, joto hubaki linazunguka.

Kuongeza RAM

RAM ina vizazi, na kizazi kimoja hakiingii kwenye nafasi ya kingine. DDR2 ilianza mwaka 2003 na hutumia volti 1.8; DDR3 ilianza 2007 na hutumia volti 1.5, DDR4 ilianza 2014 na hutumia volti 1.2. DDR2 na DDR3 zote zina miguu 240 na huonekana kama mapacha, ila pengo la chini liko mahali tofauti. Kulazimisha huvunja sloti. RAM ya kompyuta ya mapajani ni fupi na haihusiki hapa.

Njia ya uhakika ni kuchomoa kipande kilichopo na kwenda nacho dukani, au kunakili maandishi ya kibandiko chake, kwa mfano PC2-6400 au PC3-10600. Tarakimu inayofuata herufi PC ndiyo kizazi. Vipo pia vipande vinavyouzwa kwa bei nafuu ya kushangaza ambavyo havifai: RAM za seva, ambazo hazifanyi kazi kwenye kompyuta nyingi za kawaida, na vipande vya GB 4 vilivyotengenezwa kwa bodi za AMD pekee, ambavyo bodi za Intel hazivitambui.

Bodi mama nayo ina kikomo chake, kinachoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Mashine nyingi za DDR2 hukomea GB 4 au 8. Tena mfumo endeshi wa biti 32 hautumii zaidi ya GB 4, na kwa kawaida huonyesha kama 3 na nusu tu. Kuweka GB 8 kwenye Windows ya biti 32 ni kutupa nusu ya fedha. Bodi ikiruhusu, vipande viwili vya GB 2 vinavyofanana huwa na kasi kidogo kuliko kimoja cha GB 4.

Wakati mwingine kompyuta inayotoa milio bila kuonyesha picha haihitaji RAM mpya, bali iliyopo ichomolewe, miguu yake isuguliwe taratibu kwa raba ya kufutia, na irudishwe. Msuguo uwe mwepesi, kwani dhahabu iliyopakwa miguuni ni nyembamba sana.

Umeme

Kompyuta zilizoletwa kutoka nchi zenye umeme wa volti 110 huwa na swichi ndogo nyuma ya pawa saplai inayoonyesha 115 au 230. Tanzania hutumia volti 230. Swichi ikiachwa kwenye 115, pawa saplai huungua mara inapochomekwa. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, lakini kukatika na kuyumba kwa umeme hakujaisha, hivyo UPS bado ni ununuzi wa maana kuliko feni ya taa za rangi.

Lini isifanyike

Bodi mama yenye kapasita zilizovimba vichwa haifai kuongezewa chochote. Vilevile msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2017, hata RAM iwe kubwa kiasi gani. Kwa mashine hizo mifumo ya Linux kama Lubuntu au Linux Mint huendelea kupata marekebisho ya usalama, na inafaa kwa kuchapa mitihani na kutunza hesabu za mauzo ya kahawa.

Shule yenye kompyuta kadhaa za toleo moja ina njia nyingine: kutoa RAM na feni kwenye zilizokufa na kuzihamishia kwenye zilizo hai. Vipande vinavyosubiri huhifadhiwa ndani ya bahasha ya karatasi kavu badala ya mfuko wa nailoni, ambao huzalisha umeme tuli, na juu yake huandikwa vilitoka kwenye mashine gani.