Vuga, Mji wa Wakilindi

Wageni wengi wapandao milima ya Usambara kwa njia ya Mombo hufika Lushoto, wakadhani kwamba hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya nchi tangu zamani. Sivyo. Kabla ya Lushoto ilikuwako Vuga. Na mji huo, ijapokuwa ni mdogo, ndio ufunguo wa habari za Washambaa.

Kwanza tutazame maneno. Washambaa huigawa nchi mafungu mawili: shambaai, ndiko milimani kwenye mvua na migomba, na nyika, ndiyo nchi tambarare ya chini yenye jua kali. Herufi i iliyo mwishoni mwa shambaai ni sawa na -ni ya Kiswahili ionyeshayo mahali. Vivyo hivyo nyumbai ni nyumbani. Basi Kimweri ye Nyumbai, mfalme mashuhuri wa Vuga, jina lake lenyewe lamtaja kuwa wa nyumbani.

Ukoo wake watoka kwa Mbegha. Wazee husimulia kwamba alikuwa mwindaji wa Ungulu, akachukiwa na ndugu zake kwa kuwa ni kigego, yaani aliota kwanza meno ya juu. Akapanda milimani, akawaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakamtawaza. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimwendea Kimweri mwaka 1848, na tena mwaka 1852, akaona kwamba enzi yake yafika hata pwani. Kimweri alipofariki mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alikalia kiti. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara, akajipatia bunduki kwa biashara. Mwaka 1868 alimfukuza Shekulwavu, akamweka mwanawe Vuga. Mwenyewe akabaki Mazinde. Hivyo nguvu zilishuka kutoka shambaai hata nyika.

Washambaa wana misemo miwili juu ya utawala: kuzifya shi, maana yake kuitengeneza nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme mmoja mwenye nguvu huitengeneza nchi, na mvua hunyesha. Wakishindana wawili, nchi huharibika, na njaa huingia. Vita vya Wakilindi vilidumu miaka mingi, na watu wengi wakauzwa utumwani. Ndiyo kubana shi, wala si neno la mzaha.

Wadachi walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, mwaka 1895. Mwaka 1898 Vuga iliungua, wala haikurudia ukubwa wake. Boma lilijengwa Lushoto, likaitwa Wilhelmstal, na reli ya Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Waingereza walipoitwaa nchi, jina la Lushoto lilirudi. Uchifu nao ulikomeshwa Tanganyika mwaka 1963.

Basi mwalimu awafundishaye watoto habari za milima hii asianze na boma wala reli. Aanze na shambaai na nyika, na kuzifya na kubana, kisha awapeleke watoto kwa wazee wakayasikie maneno hayo vinywani mwao. Boma huonekana na kila apitaye, bali maana ya Vuga imo katika maneno. Nayo yakisahauliwa, kilima kitabaki kilima tu.