Mbegu Kuukuu za Saladi: Zimekufa au Zimelala?

Mwaka jana mama mmoja wa skimu ya hapa Kinangop alifika ofisini kwetu na kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na mbegu za saladi, chache tu, za kuenea juu ya shilingi moja. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akizitunza, na saladi ya aina ile, yenye majani mekundu pembeni, haipatikani tena madukani kwetu. Zilikuwa zimekaa koponi miaka sita. Nusu alikuwa amekwisha kuzipanda, na haikuota hata moja. Akaniuliza, “Karani, nizitupe hizi?”

Nilimwambia asizitupe, wala asizipande kwanza. Zamani nilipokuwa mwalimu, niliwapandisha watoto wa shule pakiti nzima ya saladi saa sita mchana, tukazifukia inchi moja chini. Hakuna kilichoota, nami nikamlaumu mwenye duka mbele ya watu. Kosa lilikuwa langu.

Mbegu ya saladi ina tabia yake. Udongo ukipata joto la kupita nyuzi 25 au 30 za sentigredi, kwa kadiri ya aina yake, mbegu hulala hata ikiwa na maji ya kutosha. Hupenda nyuzi 15 hadi 20. Wewe wa Kinangop utasema huku ni baridi. Usiku ni kweli, lakini tia mkono kwenye udongo mtupu saa saba mchana, siku ya jua, uone. Na ninyi wa Mpeketoni hamna haja ya kuambiwa.

Tena mbegu za aina nyingi hutaka mwanga. Mwaka 1952 wataalamu wa Beltsville, Marekani, akina Borthwick na Hendricks, walionyesha kwamba mwanga mwekundu huamsha mbegu za saladi ya Grand Rapids, na mwanga mwekundu wa mbali, ambao jicho haliuoni vizuri, huzirudisha usingizini. Walibadilisha mara nyingi, na kila mara mwanga wa mwisho ndio ulioamua. Basi ukizifukia chini sana, umezizimia taa.

Mbegu kuukuu huzidi kuwa dhaifu, na kwa hiyo ijaribu kabla ya kuipeleka shambani. Hesabu mbegu 20. Lowesha kitambaa safi cha amerikani, ukikamue mpaka kisidondoke maji, kisha uzipange juu yake, zisigusane, katika sahani. Funika sahani kwa kioo au nailoni angavu, ukiacha upenyo wa hewa. Usizilaze ndani ya kikombe cha maji usiku kucha, kwa maana mbegu nayo huvuta pumzi. Weka sahani jioni, ili saa za kwanza za kunywa maji ziwe za baridi, na mchana ikae penye mwanga lakini jua lisiifikie. Mahali penye joto, iweke kando ya mtungi wa maji. Mwenye friji aziweke humo siku tatu zikiwa katika kitambaa chenye unyevu, ndipo azitoe. Baridi hiyo huziamsha nyingi zilizolala.

Mbegu mpya hutoa mzizi siku ya pili au ya tatu. Kuukuu zingoje siku 14. Iliyokufa utaijua: hulainika, ukiibonyeza hutoa ute, na ukungu huishika. Iliyo ngumu bado usiikatie tamaa. Ihamishie kitambaa kipya, mahali pa baridi zaidi.

Zikiota 15 katika 20, panda kama kawaida. Zikiota 5, panda mara tatu ya kawaida yako. Zikiota moja au mbili, usimwage zilizobaki kitaluni. Zioteshe zote kwenye kitambaa. Mara mzizi unapochungulia, inua kila moja kwa ncha ya kijiti kilicholoweshwa, uiweke katika udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza, na kuifunika vumbi jembamba tu. Ukichelewa siku mbili, mzizi huingia katika nyuzi za kitambaa na kukatika.

Mama yule alipata 3 katika 20. Tukaotesha zilizobaki, karibu 120, na kumi na nne zikaamka. Konokono walikula tano (hilo nalo nililisahau kumwonya). Miche kumi na miwili ilikua.

Hakuila hata mmoja. Saladi hujichavusha yenyewe kwa kawaida, hivyo hata mche mmoja waweza kukupa mbegu za aina yake, na ni maelfu. Lakini uache ule unaochelewa kutoa shina la maua. Wa kwanza kuchanua utakufundisha saladi chungu. Shina likitoka, lifunge kwenye mti, ulikinge na mvua. Vichwa vikitoa manyoya meupe kama pamba, vitikise ndani ya mfuko kila siku chache, kwa maana haviivi pamoja.

Kisha kausha mbegu kivulini. Mtaalamu Harrington wa California aliweka kanuni: kila upunguzapo unyevu wa mbegu kwa sehemu 1 katika 100, au joto kwa nyuzi 5, maisha yake huzidi karibu maradufu. Kaanga mchele mpaka ukauke kabisa, uupoze ndani ya chombo kilichofungwa, utie nusu ya chupa, na juu yake mbegu katika karatasi. Kaza kifuniko. Usiiweke juu ya meko wala dirishani.

Mama yule amerudi juzi na chupa ya jemu iliyojaa robo. Mwanawe ameandika mwaka juu yake kwa kalamu nyeusi, na lile kopo la majani ya chai sasa linawekwa chumvi.