Mkaguzi Alipobisha Hodi kwa Daktari Wetu

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti

Ilikuwa Jumanne, waumini wakitoka katika sala ya Adhuhuri, pale wageni wanne waliposhuka garini mbele ya msikiti wetu. Walielekea moja kwa moja kwenye vyumba vya wakfu vilivyo upande wa barabara, ambavyo kwa zaidi ya miaka 20 vimekuwa zahanati ya daktari tunayemwita sote daktari wa familia. Walikaa humo kwa muda wa saa tatu. Walipoondoka, mlangoni palikuwa na karatasi yenye muhuri: huduma zimesitishwa mpaka kasoro zilizoainishwa zirekebishwe.

Kabla ya Alasiri habari zilikwishaenea mtaa mzima. Kabla ya Maghrib simu yangu ilikwishajaa ujumbe wa waumini, na karibu wote ulidai jambo moja: kamati ifanye kila linalowezekana mzee afunguliwe. Wapo walioona kwamba tunaonewa kwa kuwa ni Waislamu. Wapo walioshauri tumtafute "mtu wetu" wilayani amalize mambo kimya kimya.

Ndugu msomaji, nakiri kwamba usiku ule niliandika barua. Niliandika kwamba kamati inamfahamu daktari huyu kwa uadilifu wake, kwamba hutibu mafukara bila malipo, na kwamba kamati inathibitisha kuwa huduma zake ni salama. Nilipoisoma tena, kalamu ilisimama kwenye neno "inathibitisha". Uadilifu wake naujua, na mafukara aliowatibu nawajua kwa majina. Lakini chumba chake cha kutakasia vifaa sijawahi kukiingia hata siku moja. Nilikuwa natoa ushahidi wa nisichokiona, ilhali Mola wetu ametukataza katika Suratul Israa, aya ya 36, kufuata tusilo na elimu nalo. Nikaifunga barua ile ndani ya jalada, na asubuhi nikaenda kwa daktari mwenyewe kumwomba taarifa ya wakaguzi.

Yaliyoandikwa katika taarifa

Alinikabidhi bila kinyongo. Taarifa ilianza kwa mema: maji yanatiririka, vyoo ni visafi, na vitabu vya MTUHA vimeandikwa vizuri. Kisha zikafuata kasoro tano.

Ya kwanza, leseni ya daktari ya kufanya kazi ilikuwa imekwisha muda wake. Ya pili, binti anayechoma sindano, ambaye watoto wetu wote humwita nesi, hakuwa muuguzi aliyesajiliwa. Aliajiriwa kama mhudumu na akajifunza kazi kwa kuangalia. Ya tatu, mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke ilikuwa imeharibika mpira wa mfuniko kwa miezi kadhaa, na vifaa vya kushonea majeraha vikawa vinachemshwa kwenye sufuria. Ya nne, dawa zilizokwisha muda zilikuwa katika rafu moja na zilizo hai.

Ya tano ndiyo iliyonikosesha usingizi. Jokofu la chanjo hutakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi, na joto lake hupimwa na kuandikwa asubuhi na jioni. Karatasi ya mwezi ule ilikuwa imejazwa namba moja, 4, kuanzia tarehe mosi hadi tarehe 30. Wakaguzi walikuja tarehe 17. Siku 13 ambazo Mwenyezi Mungu alikuwa hajazileta zilikwishaandikiwa joto lake.

Wanangu wawili wamechanjwa kutoka katika jokofu lile. Chanjo iliyoharibika kwa joto mara nyingi haibadiliki rangi wala harufu. Mtoto huchomwa, hulia, kadi hupigwa muhuri, na mzazi huondoka akiamini kwamba mwanawe amekingwa. Huenda jokofu lile lilikuwa salama muda wote. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mtu yeyote, hata daktari mwenyewe, aliyeweza kulithibitisha.

Sheria inasemaje

Wengi wetu tulidhani kwamba wageni wale walijituma. Sivyo. Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba binafsi ya kutafuta faida katika Tanzania Bara, na mlango ulipofunguliwa tena kwa marekebisho ya mwaka 1991, ulifunguliwa kwa sharti la usajili na uangalizi. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na usalama wa dawa zenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya ndiyo inayotembelea vituo mara kwa mara.

Wala wanaokaguliwa si watu binafsi peke yao. Katika mwaka wa 2015/16 Wizara ya Afya ilivipima kwa nyota vituo vya ngazi ya msingi, vya serikali, vya dini na vya binafsi. Takriban kituo kimoja katika kila vitatu hakikupata hata nyota moja. Tathmini iliporudiwa mwaka wa 2017/18, vilivyobaki bila nyota vilikuwa takriban asilimia 4, na vilivyofikia nyota tatu au zaidi vilipanda kutoka asilimia 2 hadi 20. Safari ilikuwa bado ndefu, lakini kituo kilichoonyeshwa aibu yake kilianza kuirekebisha.

Majirani zetu wa Kenya nao walilijaribu jambo hili katika kaunti tatu, Kakamega, Kilifi na Meru, wakihusisha zaidi ya vituo 1,300. Baadhi ya maeneo yalikaguliwa kwa orodha ndefu iliyo wazi, yenye alama na muda wa kujirekebisha, na mengine yakaachwa katika utaratibu wa zamani. Palipokaguliwa, usalama wa mgonjwa uliimarika, na wagonjwa hawakukosa huduma kwa sababu hiyo.

Hisba ni yetu

Linalosikitisha ni kuwa sisi tunaliona jambo hili kuwa geni, ilhali ni urithi wetu. Tunasoma katika Sahih Muslim jinsi Mtume (s.a.w.) alivyopita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alipojitetea kwa mvua, aliulizwa kwa nini asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha likaja onyo zito juu ya mwenye kughushi. Tazama kwamba Mtume hakutosheka na uso wa lundo. Na kuhusu utabibu hasa, yamepokewa kutoka kwake mafundisho kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kwa elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha.

Waliokuja baadaye waliifanya hisba kuwa kazi rasmi, na muhtasib alikagua mizani, mikate, wauza dawa na matabibu. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, mgonjwa mmoja alifariki jijini Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru mtu asitibu mpaka apimwe na tabibu wake mkuu, Sinan ibn Thabit. Wanahistoria wanataja kuwa waliopimwa walizidi 860. Lakini wanataja pia kwamba waliokwishapata umaarufu walisamehewa mtihani ule.

Nilipolikumbuka hilo, nilimwona daktari wetu. Naye angesamehewa. Sisi wenyewe tulikwishamsamehe kwa miaka 20, kwa sababu tunampenda na kwa sababu anasali safu ya mbele. Dhana njema kwa ndugu yako ni katika dini. Lakini dhana njema haipimi joto la jokofu.

Wakaguzi nao wana la kujibu

Sitakuwa mwadilifu nikiishia upande mmoja. Wanajamii walikuwa na malalamiko ya haki. Zipo zahanati zinazopata habari za ukaguzi mapema, zikapaka rangi na kuazima vifaa kwa siku moja. Wapo wakaguzi wanaondoka na bahasha badala ya kuacha taarifa. Muhtasib anayekula rushwa ni mharibifu kuliko muuzaji anayeghushi, kwa kuwa huuharibu mzani wenyewe.

Na kufungwa kwa zahanati kuna gharama, nayo huangukia kwa mnyonge. Katika majuma sita ya kufungwa kwake, mama mmoja jirani yangu alimbeba mtoto mwenye homa kwa bodaboda usiku wa manane mpaka hospitali ya wilaya, kwa nauli aliyoikopa. Alhamdulillah mtoto alipona. Lakini mkaguzi anayebandika karatasi mlangoni bila kuwaelekeza wagonjwa pa kwenda amefanya nusu ya kazi. Tulimwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya kuhusu hilo. Hiyo ndiyo barua pekee ya kamati iliyotumwa.

Wajibu wa familia

Mkaguzi huja mara chache kwa mwaka, lakini mzazi yumo zahanati kila mwezi. Hivyo nasaha zangu kwa familia ni hizi. Soma leseni zilizo ukutani na utazame tarehe zake. Uliza kwa upole kama anayekuchoma sindano ni muuguzi aliyesajiliwa. Hakikisha sindano inafunguliwa kwenye pakiti yake mbele ya macho yako na kutupwa papo hapo kwenye kasha lake. Soma tarehe ya mwisho ya dawa kabla ya kuondoka dirishani. Omba stakabadhi. Na ukiona kasoro, mwambie mwenye zahanati kwanza. Asipojirekebisha, mfikishie Mganga Mkuu wa Wilaya. Kuuliza si utovu wa adabu. Mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Kwa ndugu zangu wa kamati za misikiti zenye majengo ya wakfu: sisi baada ya tukio hili tumeongeza sharti katika mkataba wa pango, kwamba mpangaji atuletee nakala ya leseni hai na ya kila taarifa ya ukaguzi. Aliyeweka wakfu alikusudia manufaa ya Waislamu na jirani zao. Kodi ya mwezi peke yake haitimizi kusudio hilo.

Juma la pili daktari alikuja mbele ya kamati. Mjumbe mmoja bado alisisitiza kwamba tutafute njia ya mkato. Mzee akamkatiza: "Msinitafutie mtu, mwanangu. Yale waliyoyaandika ni kweli, na mimi nilikuwa siyaoni kwa sababu hakuna aliyekuwa akiniuliza." Tulichangishana tukanunua mashine mpya. Muuguzi aliyesajiliwa ameajiriwa, na yule binti amejiunga na chuo cha uuguzi kwa msaada wa mfuko wa zaka. Watoto waliochanjwa katika kipindi kile waliorodheshwa kutoka katika vitabu, na wataalamu wa chanjo wa wilaya wakaamua nani arudie.

Wanangu wote wawili walikuwamo katika orodha. Mdogo alirudia chanjo mbili. Alipomaliza kulia, nilimwomba muuguzi anionyeshe karatasi ya jokofu. Siku ile ilikuwa tarehe 9. Palikuwa na nyuzi 5 asubuhi, na nafasi ya jioni ilikuwa bado wazi.

Wabillahi tawfiq.