Nta Ipi Hulifaa Gari Zaidi?

Gari lilalalo nje hupigwa na jua na mvua mwaka mzima. Rangi ikishachujuka, gharama ya kulipaka upya huwa mzigo kwa jamaa nzima. Nta huchelewesha madhara hayo.

Nta ni za aina kuu mbili. Karnauba hutokana na majani ya mti wa jamii ya minazi uotao kaskazini mashariki mwa Brazili. Mng'ao wake ni mzuri mno, lakini kwa kawaida hudumu majuma machache tu. Nta ya kemikali za viwandani huweza kudumu miezi kadhaa, ingawa wengi huona mng'ao wake umepungua uzuri kidogo.

Ndugu msomaji aweza kuzipima nyumbani. Gari lioshwe na kukaushwa kivulini, boneti igawanywe kwa utepe, na kila nusu ipakwe nta yake, nyembamba. Kila juma, baada ya kuoshwa, boneti imwagiwe maji. Palipo na nta, maji hufanya matone ya mviringo, ilipokwisha, hutanda. Sabuni ya vyombo isitumike, kwani huondoa nta.

Kwa harusi, karnauba yatosha. Kwa gari lishindalo juani kazini, ichaguliwe ile ambayo matone yake yangaliko majuma mengi baadaye.