Nyumba ya Kisasa Isimdhulumu Jirani wa Bondeni

Asubuhi moja ya masika, nikirejea kutoka swala ya alfajiri, nilimkuta jirani yangu wa upande wa bondeni akinisubiri njiani. Ni mama mtu mzima, wa rika la mama yangu mzazi. Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Mwanangu, nyumba yako inapendeza, lakini mlima umehamia jikoni kwangu." Nilifuatana naye. Mafiga yalikuwa yamezama katika tope, na tope lile lilitoka kwangu.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilinunua ramani iliyochorwa kwa ajili ya kiwanja cha tambarare, kisha nikakodi tingatinga likate kilima ili ardhi ilingane na ramani. Sisi wakazi wa Nyamuswa, tunaoutazama mlima Chamuriho kila siku, tunajua kuwa nchi yetu ni ya miinuko. Hata hivyo, tunapotaka nyumba ya kisasa, wengi wetu tunailazimisha ardhi iifuate nyumba.

Na tufanye hesabu. Nyumba ya mita 12 ikielekezwa bondeni, mahali ambapo ardhi hushuka mita 1 kwa kila mita 10, miisho yake miwili hupishana kwa mita 1.2. Anayetaka sakafu moja ni lazima akate upande wa juu au ajaze kifusi upande wa chini. Kifusi kisichoshindiliwa vyema hutitia, na kuta hupata nyufa. Udongo uliokatwa na kuachwa bila majani husombwa na mvua.

Zipo njia mbili nyepesi. Ya kwanza ni kuilaza nyumba kwa urefu wake kuufuata ubavu wa kilima. Ya pili ni kuigawa sakafu sehemu mbili zinazopishana kwa sentimita 60, yaani vidato vinne vya sentimita 15: sebule chini, vyumba vya kulala juu. Wala mawe si adui wa mjenzi. Anayefika Mwitongo, Butiama, yalipo makazi na kaburi la Mwalimu Nyerere, huona jinsi nyumba zilivyokaa pamoja na majabali ya kilima, nayo majabali yakabaki kuwa pambo la mahali pale.

Baada ya ardhi ni maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Hivyo paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50 hutoa lita 6,000. Maji hayo yakikingwa kwa mifereji ya bati na kuingizwa katika tangi, ni neema kwa familia. Yakiachwa, ni mafuriko kwa aliye chini.

Hapa ndipo dini inapotugusa. Zubayr bin Awwam (r.a.) na mtu mmoja wa Answari walihitilafiana juu ya maji yaliyoshuka kutoka Harra, Madina. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Zubayr, ambaye shamba lake lilikuwa juu, anyweshe kisha amwachilie jirani yake maji. Tunajifunza kuwa aliye juu ana haki yake, lakini haki hiyo haimfuti aliye chini. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa maji ya manufaa, vipi kwa maji ya madhara?

Haki ya jirani haiishii katika maji. Dirisha kubwa la kioo lililo juu ya mteremko huweza kuutazama ua wa jirani, wanamooga watoto na kupumzika mama zetu bila ushungi. Dirisha la upande huo na liinuliwe kupita kimo cha macho, na lile kubwa lielekee mahali pasipo na ua wa mtu. Karo la maji machafu nalo lisichimbwe juu ya kisima cha mwenzio. Na kwa kuwa kibla chetu hapa ni kaskazini kwa kuegemea kidogo mashariki, choo kipangwe mapema kisielekee huko wala kukipa mgongo.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 80 na 81, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ametufanyia majumba yawe mahali pa utulivu, na milimani akatuwekea hifadhi. Utulivu huo hauwezi kuwa wa nyumba moja tu.

Nilimwomba radhi mama yule na kumjengea jiko upya. Pamoja na fundi, nilijenga ukuta wa mawe wenye matundu ya kupitishia maji, nikachimba mtaro wa kuyapokea na kuyapeleka korongoni, na kupanda nyasi palipokatwa. Vuli ilipoanza, mvua kubwa ilinyesha usiku kucha. Sikulala. Alfajiri niliteremka kwenda kutazama. Moto ulikuwa unawaka jikoni na sakafu ilikuwa kavu. "Karibu chai, mwanangu," alisema.

Wabillahi tawfiq.