Kompyuta ya Nyumbani kwa Bei Nafuu: Soma Namba Kabla ya Kutoa Pesa

Ukiingia duka la kompyuta mpakato za mtumba mjini Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, neno la kwanza la muuzaji huwa, "Hii ni i5, bosi." Mnunuzi huitikia kwa kichwa, na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Lakini Intel wanalitumia jina hilo tangu mwaka 2009. i5 mbili zinaweza kukaa meza moja, zote zinang'aa, huku moja ikiwa imeitangulia nyingine kwa miaka sita.

Kinachozitenganisha ni namba inayofuata jina. i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Usitegemee stika, maana stika hubandikwa popote. Iwashe mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma namba ya prosesa mwenyewe.

Kwa mtumba wa Intel, ushauri wangu ni usishuke chini ya kizazi cha 8. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho, ukiacha chache sana. Fundi anaweza kuilazimisha iingie kwenye mashine ya zamani zaidi, ila Microsoft hawakuhakikishii kwamba masasisho ya usalama yataendelea kuja. Kompyuta ambayo familia inaombea mkopo wa chuo au kuingilia akaunti ya benki haifai kuachwa bila ulinzi huo.

Kwa bajeti ndogo kuna njia mbili. Ya kwanza ni mashine mpya ya bei ya chini, mara nyingi yenye prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyochomelewa kwenye bodi. Windows peke yake hula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na huwezi kuiongeza. Ya pili ni mtumba uliotoka maofisini: HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 au Lenovo ThinkPad T480, zote za mwaka 2018. Hizi hufunguka, fundi anaweza kuongeza RAM, kubadili diski na kuweka betri nyingine. Kwa nyumba nyingi, mtumba mzuri kama huo unaishinda mpya dhaifu. Hata hivyo, baadhi ya modeli hizo zilitoka pia na prosesa za kizazi cha 7, kwa hiyo jina la modeli halitoshi. Dereva wa pale mpakani hapimi lori kwa rangi ya kichwa chake.

Kwa kuandika, kuangalia video, masomo ya watoto na hesabu za duka, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 zinatosha. Ukilazimika kuchagua, SSD ndogo ni bora kuliko diski kubwa ya kuzunguka, kwa sababu ndiyo inayofanya mashine iwake na kufungua programu upesi.

Kabla ya kulipa, pima betri. Fungua CMD, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti inayotengenezwa. Itakuonyesha uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na ule uliobaki. Ikiwa ilianza na 50,000 na sasa ina 20,000, imebakiwa na asilimia 40. Omba upunguziwe bei ya betri mpya. T480 ina betri mbili, na ile ya nje huchomolewa bila kuzima mashine, jambo la faida umeme unapokatika.

Izime, iwashe tena ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa ThinkPad, ili uingie kwenye mipangilio ya msingi ya mashine (BIOS). Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, iache: huenda kampuni iliyoitumia mwanzo haikuifungua. Kagua pia kibodi; zilizotoka Ufaransa huanza na AZERTY, za Ujerumani QWERTZ.

Bei ya Nakonde, upande wa Zambia, inaweza kukuvutia uvuke. Weka kwenye hesabu ubadilishaji wa kwacha, utaratibu wa forodha unaporudi, na waranti ambayo utaidai ng'ambo ya mpaka. Ukinunua upande huu, dai risiti ya EFD na muuzaji aandike namba ya mashine.

Ukishanunua, ukiiunganisha kompyuta na intaneti ya simu, angalia kwanza kama simu imeshika mtandao wa Tanzania, kwani karibu na mpaka inaweza kuhamia wa Zambia na bando likakatwa kwa gharama za nje. Kisha, kwenye mipangilio ya Wi-Fi, iambie Windows kwamba intaneti hiyo inalipiwa kwa kipimo. Masasisho makubwa yasubiri siku una bando la kutosha, ila usiyaahirishe milele. Ni kwa ajili ya masasisho hayo ulilipia kizazi cha 8.