Sauti Isiyosikika na Karanga

Likizo iliyopita tulipokuwa tukimenya karanga nyumbani, mdogo wangu aliniuliza: "Kaka, yawezekana karanga kuongezewa dawa kwa sauti tu?" Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa na maana. Nataka kulijibu hapa.

Sauti ni mtetemo. Sikio la mtu husikia mitetemo tangu 20 hata 20,000 kwa sekunde. Ikizidi hapo hatuisikii, ingawa popo huisikia na kuitumia kutafutia njia gizani. Hiyo ndiyo altrasaundi. Ikipitishwa kwa nguvu ndani ya maji hufanya mapovu madogo mno, ambayo huvimba na kupasuka, yakazipiga chembe za mmea zilizo karibu.

Sasa, mmea hauna miguu ya kumkimbia adui. Ukivamiwa na ukungu au ukijeruhiwa, hujitengenezea silaha mwilini mwake. Silaha mojawapo ya karanga huitwa resveratroli, nayo huzuia ukungu. Basi altrasaundi huidanganya karanga, ikadhani imevamiwa. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walieleza jinsi walivyokata karanga mbichi vipande, wakazipitishia altrasaundi, kisha wakaziacha zikae. Zilipopimwa, resveratroli ilikuwa imeongezeka mara kadhaa. Siri imo katika kule kukaa: sauti huamsha tu, na kazi hufanywa na karanga yenyewe ingali hai. Iliyokwisha kaangwa haiwezi kuitikia.

Mdogo wangu akadakia, "Basi karanga zenye ukungu ndizo bora!" Hapo sikucheka. Kuna ukungu wa karanga na mahindi utoao sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125.

Tena, faida ya resveratroli katika mwili wa mtu haijathibitishwa kama wauza vidonge wanavyodai. Basi tuusifu ujuzi wa wataalamu, lakini nyumbani tuanike karanga zetu zikauke vema, tuzichambue, na zenye ukungu tuzitupe. Hata kuku tusiwape.